Gereji ya Mzee Graham

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata! Mzee Graham, yule mtalii ambaye gari lake nililifufua kwenye mteremko wa kreta, alisema kwao Uingereza ana gereji, na nikifika huko nisiache kupita. Hiyo si ajira? Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi inataka mwajiri tu. Ujuzi ninao: miaka kumi na mmoja chini ya Landcruiser. Nimemwandikia aniletee barua ya kazi. Kisha nimemtangazia Inosenti, fundi mwenzangu na adui yangu. Kwa upole.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeaga. Spana zote kwa Inosenti, ajue mimi ni mtu wa namna gani. Kitanda kwa jirani, Mama Brigita. Watu tisa wamekuja kula ubwabwa, kila mmoja kanishika mkono. Sikumbuki lini nilishikwa mkono mara ya mwisho. Hamisa wa duka la vipuri kanipa sweta, akasema baridi ya huko inawaumiza wasio na mtu. Nikamwambia baridi ya Karatu nimeshaishinda.

Ijumaa, 8 Agosti
Jibu limekuja. Mzee Graham kafurahi sana kusikia habari zangu. Ila yeye ni daktari wa meno, mstaafu. Gereji yake ni banda la kulazia gari lake. Moja. Nalo ni zima.
Nimesoma mara nne.
Wote wanajua nimepanda basi leo asubuhi. Bahati nzuri wamekwenda maonyesho ya Nane Nane. Nitajificha ndani mpaka nipate mwajiri mwingine. Pazia nimefunga. Nalala kwenye mkeka.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetega sikio dirishani kutwa nzima nisikie wanavyonisema. Mama Brigita kasema habari za maharage. Inosenti kapita akipiga mluzi. Jina langu halikutajwa, hata kwa ubaya! Simu imelia mara moja: tangazo la kampuni ya simu. Nimelisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 12 Agosti
Hodi. Hamisa!
"Swaleh, fungua. Nakusikia ukipiga chafya tangu Jumamosi."
Nikabadilisha sauti, nikasema Swaleh kasafiri.
"Basi mwambie uji wake unapoa."
Nikafungua. Hakucheka. Alikaa kizingitini mpaka nikamaliza bakuli. Akasema Inosenti kazi zimemzidi, yuko tayari kurudisha spana, ila anaona haya kuniuliza nilipo. Akasema pia mama yake yeye Hamisa ananialika Ijumaa kwa chakula. Akatazama pembeni. Machozi yalinilenga. Nikasingizia uji wa moto.

Alhamisi, 14 Agosti
Spana zimerudi, nami nimerudi kazini. Na leo ni siku kubwa! Parsimei, mfugaji wa kijiji cha Soitsambu aliyeleta pikipiki kutengenezwa, kasikia Kanada wanatafuta wakamuaji ng'ombe. Wenye ujuzi! Ng'ombe sijawahi kumgusa, lakini naye ni mashine tu. Kesho alfajiri nafuatana na Parsimei kwao. Siku tatu zinatosha kuhitimu.
Nimepita dukani kumwambia Hamisa kwamba chakula cha kesho kimeshindikana, ila asihuzunike: nikishatulia Kanada, miaka miwili mitatu hivi, nitamwita. Akafunga duka saa tisa mchana, wateja wamesimama mlangoni.
Watu wa hapa hawajitumi. Ndiyo maana naondoka.