Msitu Uliozinduliwa Mara Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka shirika la ndege, ambaye ndege zako zinatoa moshi huko juu ili sisi tuufyonze huku chini, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hewa Safi, Makamu wake, Kaimu Makamu wake, ambaye yuko likizo lakini kiti chake kipo, wataalamu, wadau, na wadau wa wadau, wazee wangu, mama zangu, na wewe shangazi yangu uliyenilea, ambaye naona umekaa mstari wa mbele bila kualikwa, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, na wanaonifahamu wanajua kwamba kwa unyenyekevu sina mpinzani (kicheko), ili kuzindua kwa mara ya tatu Msitu wetu wa Kaboni, mradi jumuishi, shirikishi na endelevu, wenye mpango mkakati, wenye nembo, wenye fulana, ambao kwa miaka minne umefyonza tani laki tatu, elfu kumi na mbili na nusu za hewa chafu. Ile nusu niliiongeza mimi, maana namba ikiwa nzima mno watu hawaiamini. (Mgeni Rasmi anaandika.)

Asubuhi hii, ofisini kwangu, Mgeni Rasmi aliniuliza, "Mkurugenzi, nitajuaje kwamba miti ninayoilipia ipo?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa kwenye semina, kwamba uaminifu ni mchakato. Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu neno mchakato huwa nalitumia nyumbani mke wangu anapouliza bomba la jikoni litatengenezwa lini. (Kicheko kirefu.)

Basi nifafanue methodolojia. Sisi hatuzunguki kuhesabu mti mmoja mmoja kama watu wa zamani. Tunanunua picha ya setilaiti, tunamkabidhi mchora ramani wetu, naye anahesabu kila palipo na kijani. Mwaka wa kwanza kijani kilikuwa haba. Mwaka wa pili kikaruka ghafla, tukajipongeza, tukafanya warsha ya siku tatu, nikapewa cheti ambacho nimekitundika mahali ambapo mtu hawezi kuingia ofisini asikione, mpaka mlinzi wetu akaitazama ile picha, akauliza kwa adabu zake zote, "Bosi, hilo si paa la ghala? Si tulilipaka rangi ya kijani juzi juzi?" (Mtu anakohoa.) Nilimhamishia lango la nyuma. Mwaka uliofuata tukapaka na paa la ofisi, na tani zikapanda.

(Shangazi anasimama: "Mwanangu, sikuja kusikiliza habari za mapaa. Nimekuja kuuliza, leo mnatia sahihi miaka kumi mingine ya kutufungia kilima?")

Shangazi, tafadhali, muda wa maswali upo. (Shangazi: "Muda wa maswali ndio huwa mnakwenda kula!" Vigelegele.)

Kaa, shangazi, nakujibu. Ndiyo, hati iko hapa mezani, na ni ya miaka kumi. Kwa faida ya Mgeni Rasmi nieleze kwamba ili tuuze hewa safi, lazima pawe na mtu aliyeacha kuichafua, hivyo tuliwakataza wakazi kuokota kuni kwenye vichaka vya kilima cha msitu wetu, hata kijiti kilichoanguka chenyewe. Katazo nililitia sahihi mimi. Wengi walipitia upande wa pili wakaokota, nasi hatukuwaona, kwa kuwa tulikuwa kwenye warsha. Lakini yuko mmoja aliyetii, kwa sababu ile sahihi ilikuwa ya mtoto aliyefundishwa naye kushika kalamu. Jumapili nilikwenda kumsalimia, nikaomba chai. Akanipa maji. Akasema mlango wa banda la kuku umeshaliwa na jiko, kitanda nilicholalia utotoni amekipasua wiki iliyopita, na sasa anaitazama meza. Niliyanywa maji yale kwa aibu, nikiwa nimevaa fulana ya mradi.

Waheshimiwa, hapa nilikusudia kusema mengine. Afisa habari ananionyesha saa, na Mgeni Rasmi ameshafungua kalamu, kwa hiyo twende kwenye kaulimbiu. Kaboni! (Chini!) Msitu! (Juu!) Mkurugenzi! (Kicheko.) Chekeni, ni haki yenu; mimi mwenyewe ningekuwa huko kwenye viti ningecheka.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchora ramani kwa utiifu, na fundi wa rangi kwa kazi nzuri ya juu ya mabati. Zaidi ya wote nakushukuru wewe, shangazi, maana katika tani zote tulizomuuzia mgeni huyu, moshi pekee uliopungua kweli ni wa jiko lako. Kilimani hatujawahi kupanda hata mche mmoja. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, rudisha kalamu mfukoni. Shangazi, nenda kaokote kuni.