Gari la Marehemu Linatetemeka

Jumatatu, 3 Juni
Nimeosha injini ya gari la marehemu baba. Sabuni, brashi, ndoo mbili za maji. Gari limenizidi umri, lakini sasa chini ya boneti panang'aa kama sufuria ya mgeni. Takataka zote nimetupa: majani makavu, mafuta yaliyoganda, kitambaa kikuukuu kilichofungwa ovyo kwenye mpira mmoja wa kupitisha hewa. Baba naye!

Kila asubuhi mama hukaa kiti cha abiria, hapo hapo uani. Nawasha injini, yeye anafumba macho robo saa. Tangu tuzike, hiyo ndiyo raha yake pekee. Kesho atasikia injini safi. Na shemeji, mume wa dada, fundi magari wa kujisifu, atajua nani mrithi.

Jumanne, 4 Juni
Balaa! Nimewasha, mngurumo ukapanda, ukashuka, gari zima likatetemeka, likataka kuzima. Mama akafumbua macho. Akauliza kama hili ni gari lile lile. Nikamjibu kwamba injini ikioga huona baridi. Akashuka. Hata dakika mbili hazikufika.

Dada kapiga simu, akauliza, amtume mumewe? Nikasema hakuna haja. Akanikumbusha kuwa mficha uchi hazai. Nikakata simu.

Jumatano, 5 Juni
Nimebadilisha plagi zote nne. Bado. Dereva mstaafu wa jirani kasema ni mafuta machafu. Nikamwaga tangi lote, nikatia mapya. Bado. Nikakaza skrubu ya kabureta. Sasa halitetemeki, linanguruma kama mashine ya kusaga. Mama alichungulia dirishani, akafunga pazia. Nikailegeza.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata akili. Nikimwashia mama gari, nakanyaga mafuta kidogo kwa kidole gumba cha mguu. Mngurumo ukatulia! Mama akafumba macho. Dakika tano za peponi. Kisha mguu ukafa ganzi, gari likaruka kama limechomwa sindano.

Mama hakufumbua macho. Akasema, "Baba yako hakuwa akikanyaga."

Akaongeza kwamba kama ndiyo sauti yenyewe, heri liuzwe chuma chakavu Jumatatu, kuliko kulisikia likiumwa. Nimeenda kulia chooni. Sikukaa sana.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kaja bila kualikwa. Shati jeupe! Hakugusa plagi. Alichukua kipande cha bomba la plastiki, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini, kama daktari. Akasimama penye mpira mmoja, akauziba kwa kidole. Injini ikatulia. Akaondoa kidole, ikatetemeka. Mpira umepasuka, unavuta hewa.

Akauliza, "Hapa palifungwa kitu. Kiko wapi?"

Nikasema labda panya.

Mama alikuwa mlangoni. "Ni kilemba changu," akasema. "Baba yako alikichana barabarani, gari lilipotusumbua. Siku hiyo tulikuwa tunakutoa hospitali, una siku tatu."

Shemeji akainamisha uso. Afadhali angecheka. Nimekimbilia jalalani. Lori la taka lilipita Alhamisi. Nimechakura hata hivyo, kwa mikono, mpaka watu wakanihurumia.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaweka mpira mpya. Mngurumo umetulia, hata glasi ya maji ungeiweka juu ya boneti. Mama alikaa robo saa yake, macho wazi. Akamshukuru shemeji. Akanishukuru na mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema gari sasa ni zima, mwenye kulitaka alichukue. Yeye hana haja ya kulikalia tena.

Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi. Nimeapa kumfanyia mama jambo jema leo leo, bila msaada wa mtu. Nimefagia chumba chake, nimefuta vumbi, nimepanga viatu vya baba. Kwenye bawaba ya mlango nikakuta kadibodi chafu imekunjwa na kubanwa. Uzembe mtupu. Nimeichomoa nikaichoma pamoja na taka.

Sasa mlango haufungiki. Seremala aliyeutengeneza alikuwa tapeli.