Nilichosema Siku ya Kimya

Jumatatu, 6 Julai

Nimefika! Chuo kikuu! Mimi, wa kidato cha tatu, nina ufunguo wa bweni la chuo kikuu mfukoni, na ufunguo wenyewe mzito wa kutosha kuulia nyoka. Kambi ya imani, wiki nzima ya likizo, vijana wa sekondari kutoka kila upande. Tutasoma Maandiko na profesa wa kweli, tutaosha vyombo na mpishi wa chuo, tutasali katika kanisa la chuo. Ndivyo alivyotueleza Mchungaji, mlezi wa wanafunzi hapa, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Akimaliza sentensi umeshasahau ilianzia wapi.

Kanisa sasa! Vioo vya rangi mpaka juu. Jua la alasiri linapita humo na kumwagika sakafuni, buluu na dhahabu, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka ya kutua. Nikasimama katikati ya ile buluu. Nikajiona mimbarini. Kanzu nyeupe. Watu wanalia. Wengine wanazimia, lakini kwa adabu. Nikaguswa bega. Kumbe wenzangu wote wameshakwenda kunywa chai.

Wakati wa chai, tangazo. Jumapili, mbele ya wazazi wetu, kijana mmoja atatoa tafakari ya kufunga kambi. Mmoja tu! Mchungaji atamchagua mwenyewe Ijumaa jioni, akishatuangalia wiki nzima.

Bibi akapiga simu. Bibi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipigia pasi nguo zote za safari, mpaka soksi. Akauliza kambi ikoje. Nilitaka kusema nzuri. Nikausikia mdomo wangu ukisema nimechaguliwa kuhubiri Jumapili. Bibi akauliza ibada ni saa ngapi. Kisha akasema atakuja, yeye na akina mama wote wa kwaya.

Si uongo. Ni kweli ambayo haijafika. Nina mpaka Ijumaa kuifikisha.

Kikwazo kimoja: msichana ninayelala naye chumba. Zaburi zote amezihifadhi kichwani, na hajigambi, jambo linaloudhi zaidi. Namwita Zaburi. Ameniachia kitanda cha dirishani bila kuombwa. Nitamchunguza huyu.

Jumanne, 7 Julai

Mkakati wa kwanza: utakatifu unaoonekana. Kila asubuhi tuna saa ya ukimya kanisani, kila mtu na Mungu wake. Nikawahi benchi la mbele, pale pale mwanga unapoangukia. Macho nikafumba. Kidevu juu kidogo. Mchungaji akigeuka tu, ananiona mimi, niko kwenye dhahabu.

Nikasikia kinanda cha kanisa kinapumua. Kinapumua, nami napumua. Dari ikafunguka taratibu, nikaelea nje juu ya mabweni na nyasi na baiskeli zote zilizoegeshwa. Bibi alikuwa amekaa juu ya wingu, analipiga pasi wingu jingine. Akaniambia nisilikanyage, bado la moto.

Nikaamka shingo imepinda. Benchi lina mate. Chini ya shavu langu kuna sweta la Zaburi, limekunjwa vizuri. Hila hiyo! Alitaka nilale zaidi. Mchungaji akapita, akasema amefurahi kuona nimepumzika. Kupumzika! Jamani, nilikuwa kazini!

Jioni Zaburi akaniambia kwa upole kwamba huwa naongea usingizini. Eti jana nilisema "asanteni, kaeni" zaidi ya mara moja. Nikamwambia wivu haufai kwa mtu wa Mungu.

Jumatano, 8 Julai

Mkakati wa pili: swali zito. Profesa ni mama mfupi, miwani ameitundika shingoni kwa kamba, anafundisha huku anapanda na kushuka ngazi za ukumbi. Swali nilikuwa nalo tayari tangu jana, lenye maneno ya Kigiriki. Maana yake sikuijua, lakini matamshi nilikuwa nayo.

Ila dirisha la ukumbi ule ni kubwa mno. Mawingu yalikuwa yanapita moja moja, yametulia, na nyuma ya moja nilidhani naona moshi wa pasi. Profesa akauliza nani ana swali. Miguu ikasimama yenyewe. Kigiriki kikayeyuka chote. Nikauliza kile nilichokuwa nakiwaza: hivi Mungu naye huota?

Profesa akavaa miwani. Akasema hajawahi kuulizwa hilo tangu aanze kufundisha. Kisha akakaa chini kwenye ngazi, pale pale, sketi na vumbi la chaki, akasema tuache somo tulizungumze hili. Utukufu! Kila aliyechangia alianza kwa kunitaja mimi. Mpaka Profesa aliponigeukia na kuuliza mimi mwenyewe nafikirije. Nikasema nafikiri ndiyo, au pengine hapana.

Zaburi akanyoosha kidole. Akasema labda sisi ndio ndoto yenyewe, na ndiyo maana Mungu hana haraka ya kuamka. Watu wakashusha pumzi. Profesa akaandika ubaoni. Mbuzi wangu, mchuzi wake!

Alhamisi, 9 Julai

Zamu yangu ya vyombo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama kwenye sinki. Nimechunguza: Mchungaji hupita jikoni baada ya chakula cha mchana. Nikachagua sufuria kubwa kuliko zote, nikakaa nayo mlangoni, nikasugua kwa unyenyekevu. Mchungaji haji. Nikasugua. Haji. Mpishi, baba mnene asiyekosa neno, akauliza sufuria ile imenikosea nini. Akasema nikiendelea atapata chujio.

Mchungaji alipita mlango wa nyuma. Akamkuta Zaburi anafuta meza ambazo hazikuwa hata zamu yake. Wakazungumza wakicheka. Niliwaona dirishani, mikono imejaa povu.

Bibi tena. Akina mama wa kwaya wamepata basi la kanisa. Sare zimefuliwa. Hata yule mama wa sauti ya nne, ambaye huwa hatoki nyumbani kwa sababu ya magoti, anakuja. Anataka kuniona nikihubiri kabla magoti hayajamwisha kabisa. Nikamwambia Bibi vizuri sana. Nisipochaguliwa kesho, Bibi ataaibika mbele ya kwaya nzima, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwaibisha.

Ijumaa, 10 Julai

Siku ya kimya. Ndiyo desturi ya kambi hii: tangu chai ya asubuhi mpaka jua litue, hakuna kusema neno, wanafunzi, walimu, mpishi, wote. Mchungaji alituambia kimya kingi kina mshindo mkubwa, kisha akafunga mdomo. Jioni atamtaja mteule.

Mkakati wa mwisho, rahisi kuliko yote: kunyamaza kuliko wote. Asubuhi nilinyamaza vizuri sana. Hata kijiko sikukigonga kwenye kikombe.

Mchana sote tukakusanyika kanisani. Joto. Buluu imetandaa mpaka miguuni kwangu. Nyuki mmoja anatembea juu ya kioo, anajaribu kila rangi. Nikafumba macho kidogo tu, nipumzishe kope. Nikajikuta mimbarini. Mimbari yenyewe inaelea juu ya maji yaliyotulia, na kwaya iko chini, wamesimama majini mpaka magotini, wananisubiri. Bibi yuko mbele. Sare yake haijalowa.

Nikaamka. Kanisa zima linanitazama. Msichana mmoja analia. Profesa amejiziba mdomo, mabega yanatikisika. Mpishi amevua kofia. Mchungaji ameinamisha kichwa kama mtu aliyepokea habari nzito. Nikaelewa: nimenena!

Lakini nimenena nini? Na nimuulize nani? Siku ya kimya! Nikamtolea Profesa macho, akageukia ukutani. Zaburi akanishika mkono tu, akaubana. Basi nikakata shauri mwenyewe: ni unabii. Mtu halii kwa jambo dogo. Nikatoka kwenda bustanini, nikatembea polepole, viganja wazi. Watu wakanipisha. Nikambariki mtunza bustani na mpira wake wa maji. Nikaubariki mti. Nyasi zilikuwa laini mno, sikuzisikia chini ya miguu. Alasiri nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi! Jua tu ndilo lililokuwa halitaki kutua.

Likatua. Nikamvuta Zaburi kando, nikamwambia anisimulie, asiache neno. Akasita. Nikamwambia aseme tu, nimeshajiandaa kwa ukuu. Akasema nilinena kwa sauti ya kufika benchi la nyuma kabisa. Nilisema: Bibi, usije, hawajanichagua, nimekudanganya. Kisha nikasema Zaburi ndiye anayestahili, ila asiambiwe. Kisha nikasema asanteni, kaeni. Na waliokuwa wamesimama, eti, wakakaa.

Mchungaji amemchagua Zaburi. Nimelia. Roho imeniuma kwelikweli, si mchezo.

Jumamosi, 11 Julai

Njia ya mwongo ni fupi, lakini nimejaribu kuirefusha. Nimempigia Bibi, nikamwambia dari ya kanisa inavuja. Akasema watakuja na ndoo. Nikamwambia ibada itakuwa ya Kigiriki. Akasema Mungu atawafasiria. Nikaona bora nivunjike mguu. Nilichechemea asubuhi nzima kwa mguu wa kushoto, na baada ya chakula kwa wa kulia. Zaburi akauliza ni upi unaouma, aupake dawa.

Baadaye akaniomba ruhusa alitumie swali langu katika tafakari yake. Nikamwambia achukue. Achukue na kitanda cha dirishani, achukue na Bibi. Akasema Bibi hapana, ila angependa kumjua. Nikageukia ukutani. Nje kulikuwa na mvua nyepesi isiyo na sauti, nikaitazama mpaka usingizi ukanichukua.

Jumapili, 12 Julai

Nilikuwa nimejificha kanisani, nyuma ya nguzo ya mlangoni, basi lilipofika. Wakashuka wote, sare zimenyooka kwa pasi ya Bibi, ukosi mpaka pindo. Mama wa sauti ya nne akashushwa taratibu, mkono huu na mkono huu. Bibi akakaa benchi la pili. Akageuza shingo akinitafuta. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nyuma ya ile nguzo.

Zaburi akapanda. Akasema tafakari yake inatoka kwenye swali, na swali si lake. Akasema mwenyewe yumo humu ndani, nyuma ya nguzo, na yeye hataanza mpaka huyo mtu aje asimame naye. Ebo! Kanisa zima likageuka. Nikatoka. Nikasahau kuchechemea.

Nikasimama kando yake. Ilikuwa pale pale, kwenye ile buluu, viatu vyangu vyote buluu. Akazungumza juu ya Mungu anayeota na watu anaowaota, hata waongo, hata wanaolala kanisani, akisema hakuna anayemkatiza ndoto yake. Nilimtazama Bibi. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa naota chochote, nilikuwa nipo tu.

Alipomaliza Bibi akasimama, akapiga makofi peke yake. Kwaya ikasimama. Mama wa sauti ya nne naye akasimama, na magoti yake. Nikaona huruma, magoti yale, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Asanteni, kaeni!"

Kambi nzima ilicheka mpaka Mchungaji akashika ukuta.

Nje nilianza kumwambia Bibi ukweli. Akaninyooshea kola. Akasema alijua tangu Jumatatu, kwamba nikidanganya sauti yangu hupanda juu, tangu nikiwa mdogo nikisingizia panya wamekula sukari. Nikamuuliza basi alikuja kufanya nini, na kwaya yote ile. Akashangaa. Akasema alikuja kuniona mimi, na akina mama walikuja kwa sababu aliwaambia ukweli: mjukuu wangu amenasa, twendeni tukamshike mkono. Nikalia begani kwake. Zaburi naye akalia, hata sijui kwa nini. Nimeapa moyoni, mbele ya vioo vyote vile: sidanganyi tena, ng'o!

Jumatatu, 13 Julai

Nyumbani. Akina mama wa kwaya wamepita kunywa chai. Jua la dirishani lilikuwa zuri, mvuke wa vikombe unapanda ndani yake polepole, na mimi nikautazama mvuke. Mama wa sauti ya nne akaniuliza sasa nimepanga nini na haya niliyojifunza.

Nikasema Profesa ameniomba nirudi mwakani nifundishe somo la ndoto, mimi peke yangu, ukumbi mkubwa.

Pasi ya Bibi ikasimama katikati ya shuka. Akina mama wakatazamana. Kisha wakasema vizuri sana, watakuja, na safari hii watakuja na kwaya ya vijana pia.

Si uongo. Ni kweli ambayo haijafika. Na sauti, niliisikiliza kwa makini sana, haikupanda hata kidogo.