Hotuba ya Kuzindua Urafiki wa Nyuki na Boga

Ndugu wananchi, kwa heshima na taadhima naomba kutangaza rasmi kwamba mkasi wa kukatia utepe umepatikana. (Makofi.)

Mheshimiwa Diwani uliyewakilishwa, Mwakilishi wa Mheshimiwa Diwani ambaye uko njiani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa nyumba kumi kumi, viongozi wa dini, wazee maarufu, wazee wa kawaida, maafisa usafirishaji mlioegesha bodaboda zenu juu ya matembele ya watu, wanahabari, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Mimi, Audax, Mratibu Mwandamizi wa Kutegemeana kwa Viumbe, nimesimama katika shamba hili la Mama Tekla hapa Pugu kuzindua Mradi Shirikishi wa Nyuki na Boga, jambo ambalo kitaalamu tunaliita simbayosisi, yaani hali ya wini-wini ambapo stekiholda wa kwanza, nyuki, anapata chakula ndani ya ua, na stekiholda wa pili, boga, anabebewa chavua kutoka ua dume hadi ua jike bila kudaiwa nauli, kama ilivyo kati ya sie wa ofisini na nyie wananchi: nyie mnatoa, sie tunapokea. (Kicheko. Mwenyekiti anageuka kuangalia nani kacheka.)

Upembuzi yakinifu tulioufanya kwa siku tano katika hoteli yenye upepo mzuri umebaini kwamba asilimia mia na nne ya maboga ya mtaa huu...

(Mama Tekla anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Naomba nipite hapo kwenye utepe. Ua jike la boga linafunguka asubuhi moja tu, ikifika saa tano limejifunga, basi tena. Na nyuki wa kulihudumia mmewapulizia dawa jana.")

Mama, tumepokea mchango wako, maswali ni mwishoni. Ila kwa kuwa wanahabari wamesikia, nifafanue: nyuki wale wa kwenye mwarobaini hawakuuawa, waliondolewa kwenye mfumo, kwa mujibu wa mwongozo wa usalama wa mgeni rasmi, ambaye ngozi yake ni laini, na zoezi hilo limefanikiwa kwa asilimia mia moja. (Makofi ya maafisa.)

(Mama Tekla: "Saa nne na nusu hiyo, baba! Yakidondoka maua haya, msimu huu nikauze nini sokoni Kiwalani?")

Mama, usiikatishe simbayosisi. Ndugu zangu, kupitia mnyororo wa thamani, Pugu itakuwa kitovu cha boga Afrika Mashariki, boga letu litapanda ndege, litakaa dirishani, litahojiwa...

(Mama Tekla ananyanyua utepe, anapita chini yake, anachuma ua dume na kuanza kulisugua ndani ya maua majike, moja baada ya jingine. Kina mama: "Fanya, shoga! Mwache huyo aongee!")

Hapo sasa! Wanahabari, pigeni picha, hayo ni matokeo ya awali. Karani, andika kwenye ripoti: nyuki waliofikiwa, mmoja, jinsia ya kike. (Kicheko kirefu.) Nyuki hoyee! (Hoyee!) Boga hoyee! (Hoyee, ya watu watatu.) Kutegemeanaaa! (Hakuna aliyeambiwa ajibu nini.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi Valerian kwa kutuazima mizinga hii minne mnayoiona mbele yangu, ambayo anaiondoa mchana huu kumpelekea mteja wake Mikocheni. Namshukuru mchapaji wa bango, aliyelitunga jina la mradi baada ya sie kumwambia aweke lolote litakaloenea. Na nawashukuru nyie kwa uvumilivu, maana mradi wenyewe bado haujaandikwa. Tulihitaji picha kwanza. Ahsanteni sana.

(Makofi. Ni saa tano na robo. Maua majike yalikuwa thelathini na moja. Mama Tekla amewahi tisa.)