Ndege ya Kuombewa Komarock

Kweyu wa Pumwani hakuwa amewahi kupanda ndege maishani, lakini kupanda ndege ni kazi ya abiria. Yeye alikuwa muuzaji. Siku aliyopata wasee wa skrapu kando ya Kangundo Road wamezunguka kandege kakuukuu na mashoka, wakibishana katatoa sufuria ngapi, roho ilimruka. Wenzake waliona bati. Kweyu aliona mzazi tajiri mwenye mtoto anayetaka kuwa rubani.

"Wekeni shoka chini," akawaambia. "Hiyo ni shule."

Akauza kitanda, sofa na TV, akanunua ndege nzima. Nzima, ukiacha injini. Akabaki na mkeka na kofia ya baharia kutoka mitumba ya Gikomba, ambayo kuanzia siku hiyo ilikuwa kofia ya rubani. Na kwa vile landlord alikuwa ameshaanza kumkoholea kodi mlangoni, mzazi asipopatikana haraka Kweyu angekuwa mtu wa kwanza Pumwani kumiliki ndege na kukosa pa kulala.

Mzazi alipatikana Komarock. Irungu alikuwa na hardware, ploti pana na ugonjwa mmoja tu: jirani akipata kitu, yeye anakosa usingizi. Na juzi jirani alikuwa amenunua Peugeot.

"Peugeot ni ya kwenda soko," Kweyu alimfariji, ameketi kwa sofa yenye vitambaa, kikombe cha chai mkononi. "Msichana wako anataka kuwa rubani, na wewe unataka ajifunze na ndege ya kukodi? Atajifunza na mikosi ya watu. Familia inahitaji yake. Swali ni moja, mzee: bawa juu ama bawa chini?"

"Tofauti ni gani, Kapteni?"

"Bawa juu ni mwavuli. Mvua ikinyesha, mwanafunzi halowi. Bawa chini ni ya watu wa kujionyesha. Nyinyi ni watu wa kanisa."

Irungu akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye amekuwa akichagua mabawa tangu utoto.

"Na viti?" akauliza mkewe, Teresiah.

"Viwili tu, mama. Cha mwalimu na cha mwanafunzi. Ukiweka vinne, mashangazi wote watataka kupelekwa Nyeri."

"Na kuitunza je? Hiyo si itatumaliza?"

"Ndege haihesabiwi kilomita kama gari. Inahesabiwa masaa imekaa hewani. Na hii, tangu iingie mikononi mwangu, haijakaa hewani hata dakika."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi pekee ya ukweli aliyotoa mwaka huo, na hakuna aliyemshukuru.

Eve, yule msichana mwenyewe, wa Form Two, akainua macho. "Injini iko wapi?"

"Ona akili ya mtoto! Injini hutolewa ndege ikipumzika. Kwani wewe hulala na viatu?"

Eve akamwangalia mamake. Mamake akaangalia chai.

"Kapteni, sisi tumependa," Teresiah akasema polepole. "Lakini kwa hii nyumba chombo hakilipiwi kabla hakijaombewa. Hata pikapu ya hardware iliombewa kwanza. Ilete hapa kwa ploti, pasta aiombee Jumapili, halafu tuongee."

Mjanja mwingine angeomba hata deposit kidogo. Kweyu alisema, "Amina."

Akakodi mikokoteni miwili, mmoja wa mabawa, mmoja wa mwili, na kwa vile pesa za wasukumaji zilimwishia, akasukuma mwenyewe. Wapita njia walimpigia makofi. Akaipaka rangi nyeupe, akafunga mabawa na nyaya, akaomba upepo usivume.

Jumapili kanisa zima lilijaa kwa ploti. Pasta akaimwagia mafuta, na hayo ndiyo mafuta ya kwanza ile ndege kuonja kwa miaka mingi. Kisha akamsogezea Kweyu kipaza sauti.

"Ndugu Kapteni, Mungu hapokei kitu kilichoshikwa mkia. Unaikabidhi ndege hii kwa familia ya Irungu kwa moyo wako wote?"

Kweyu akatazama ule umati. Kila uso aliuona kama mteja.

"Naikabidhi," akasema, mkono kifuani, "kwa moyo mweupe!"

Teresiah akapiga vigelegele, kina mama wakadaka, mbwa wa mtaa wakaitikia.

Baada ya wali na soda, Kweyu akamvuta Irungu kando. "Mzee, sasa ile maneno yetu."

"Gani?"

"Ya malipo."

Irungu akashtuka kama ametukanwa. "Kapteni! Umeitoa mbele ya madhabahu, na kipaza sauti juu. Nikulipe, ionekane nimenunua sadaka?"

"Basi narudi na ndege yangu."

"Chukua tu." Halafu akapaza sauti. "Wapendwa! Huyu ndugu anasema anataka kubeba..."

Kweyu akamshika mkono haraka. Huku Eastlands, mwizi wa kuku hangojewi korti, anamalizwa palepale. Mwizi wa ndege ya Mungu hata jina hangeulizwa.

Hapo ndipo alipoona mpiga picha akisimamisha ngazi, familia zikipanga foleni na watoto wa soksi nyeupe, na kibao kikubwa getini: PIGA PICHA NDANI YA NDEGE. Kweyu akakigusa. Rangi ilikuwa imekauka kitambo. Kibao kama hicho hakichorwi katikati ya mahubiri na wali.

"Na masomo ya Eve?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hizo picha ndizo zitamlipia," Teresiah akajibu. "Kwa wenye ndege zenye injini."

Lakini nyanya mmoja pale mbele ya foleni alikuwa amekataa kutoa pesa. "Ndege bila rubani ni nini? Si ni bati tu?" Foleni ikaanza kunung'unika, wawili wakageukia geti.

Teresiah akampima Kweyu kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kapteni, utalala wapi leo?"

Kweyu akarekebisha kofia. Hilo ndilo swali ambalo hakuwa na uongo wake.

"Kuna stoo nyuma ya hardware. Chakula utakula na sisi. Simama pale mlangoni mwa ndege, na mtu akiuliza bawa juu ama chini, mwambie vile ulituambia."

Kweyu akafikiria heshima yake. Hakukuwa na mengi ya kufikiria. Akaenda akasimama, na nyanya akalipa, akapanda, akampakata mjukuu.

"Kapteni, cheka kidogo!" mpiga picha akaita kutoka juu ya ngazi. "Unaogopesha mtoto!"