Mwongozo wa Faiwoli kwa Msomaji Asiye Mtu

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Kutoka kwa Fundi wa Mtandao, chumba cha nyuma ya stoo ya mashuka.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiyoyozi chako kinafanya kazi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa mambo yafuatayo.

Wiki tatu zilizopita uliniagiza niandike mwongozo wa faiwoli yetu, yaani ule mlango wa mtandao unaoamua, kwa kanuni zenye namba, nani apite kwenye kompyuta za hospitali na nani abaki nje. Nilifurahi, maana mwongozo huo nimeuomba tangu nilipoajiriwa, miaka kumi na mmoja iliyopita. Kisha nikasoma mstari wa pili wa agizo, nikakuta msomaji wake si mtu. Ni wakala wa akili bandia, programu itakayofungua na kufunga mlango huo yenyewe, ili mimi "nipumzike". Neno hilo uliliweka wewe. Nyumbani limeleta furaha: mke wangu, ambaye faiwoli anaiita mke mwenza, ameshafunga mizigo ya Ijumaa twende kwa mama yake, ambako sijafika miaka sita. Kwangu limeleta mashaka. Kwa hiyo nalalamika.

1. Nalalamikia heshima. Nilipokabidhiwa kazi hii, mzee aliyenitangulia alinipa neno la siri limeandikwa nyuma ya boksi la majani ya chai, akaniambia, "Kanuni namba sabini na tatu usiiguse." Nilipouliza kwa nini, alishavaa kofia yake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Wakala yeye anatakiwa apewe kila amri na maelezo yake, mfano, jibu sahihi, jibu la makosa, na la kufanya mambo yakikwama. Hakuna mahali anapoambiwa ajiongeze.

2. Fomu uliyonipa inasema: "Usimwache wakala akisie. Akiwa na shaka asimame, amuulize mtu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Mimi nina shaka tangu mwaka wa kwanza. Nilikuuliza wewe, ukanijibu, "Mtaalamu ni wewe." Naomba kujua mashine hii imefaulu mtihani gani hata ikaruhusiwa kutojua.

3. Fomu inataka kila kanuni iandikiwe sababu. Niliandika kweli tupu. Namba arobaini na moja: Mkurugenzi alisimama mlangoni kwangu, simu sikioni, akasema nifungue dakika tisini tu, mgeni wa bodi aangalie mpira. Huu ni mwaka wa nne na mechi haijaisha. Namba hamsini na nane: katibu muhtasi anauza mitumba mtandaoni. Namba sitini na sita: shemeji yako, sikuuliza. Ulinirudishia kurasa hizo na wino mwekundu, kote niandike "mahitaji ya kikazi". Nikaandika, mimi ni mtumishi. Tatizo ni kwamba mashine haijui kukonyezana. Siku ya majaribio mtandao ulielemewa, ikasoma kwamba mpira ni mahitaji ya kikazi, ikaupisha kwanza, na majibu ya maabara yakasubiri nyuma yake dakika arobaini. Daktari wa watoto alipanda ngazi kuyafuata kwa miguu, mtoto mwenyewe yuko kitandani anachemka homa. Akaja kunitukana mimi. Nilimwomba radhi, kwa sababu ukurasa ule niliuandika kwa mkono wangu.

4. Kanuni namba sabini na tatu. Wakala ameniuliza mara tatu inafanya kazi gani, swali ambalo binadamu hajawahi kuniuliza. Mara zote nimemjibu kwamba haiguswi. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, ambayo sina ushahidi wake, kanuni hiyo ndiyo inayoshikilia wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji na pengine lifti. Ikifungwa, hospitali nzima itazimika.

5. Kwa hayo yote naomba mwongozo usitishwe, faiwoli ibaki kichwani mwa binadamu, yaani mwangu, na likizo yangu iahirishwe kama kawaida. Ikishindikana, naomba nami nisajiliwe kuwa wakala wa akili bandia, niandikiwe kurasa zangu, na nikiwa na shaka nisimame, mtu atumwe kunijibu kwa upole. Nasema wazi kwamba naogopa. Siku yote ninayoyajua yatakapokuwa kwenye karatasi, sijui utanitambuaje ukinikuta koridoni.

Nifikishie salamu kwa bodi, kwa mgeni wa bodi na timu yake, kwa katibu muhtasi na mitumba yake, na kwa shemeji popote alipo mtandaoni.

Wako katika mahitaji ya kikazi,
Fundi wa Mtandao

Tanbihi. Leo saa nne asubuhi, ili barua hii iwe na ushahidi, niliifunga kanuni namba sabini na tatu, nikakaa nasubiri vilio. Wodi ya wazazi kimya. Lifti ikapanda, ikashuka. Saa tano ikaingia simu moja tu, ya yule mzee aliyenitangulia, ambaye siku hizi anakaa na binti yake muuguzi kwenye nyumba za watumishi nyuma ya dobi, ambako mtandao wetu unafika. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona tamthilia yangu imekatika?" Miaka kumi na mmoja nimelinda tamthilia. Nilitaka kumfungulia, ni mkubwa wangu. Wakala akaniuliza sababu. Nikaanza kuandika "mahitaji ya", nikamkumbuka daktari wa watoto kwenye ngazi, nikafuta. Kisha nikarudi kwenye zile namba nyingine tatu, nikaziandikia sababu zake za kweli. Wakala alizisoma, akawa na shaka, akasimama, akamuuliza mtu. Mtu nilikuwa mimi, nikasema funga. Naambatisha mwongozo mzima, kurasa thelathini na nane, pamoja na fomu yangu ya likizo kuanzia Ijumaa. Penye nafasi ya "atakayeshika kazi yako" nimeandika: aanzie ukurasa wa kwanza.