Malkia Ameniaibisha Gulioni

Nimeaibika leo, jamani. Si ile aibu ya kuinamisha kichwa ikapita. Ni ile ya gulio zima kulijua jina lako. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado viko miguuni, nawaandikia nyie wa kundi letu la shule kabla Zakaria hajawafikishia habari kwa namna yake.

Kwa waliohamia mbali: mimi Adela bado niko Bukiriro na mume wangu Pastori, na bado nafuga kuku. Nalea vifaranga, wakikua nawachambua. Majogoo wanakwenda kwa wenye hoteli. Majike nawauzia watu wanaotaka kuku wa mayai. Ndiyo kazi yangu, na najisifu kuwa nikimtazama kuku mara moja tu nimeshamjua. (Subirini.)

Sasa, tangu ndugu zetu Warundi waanze kuvuka tena, magulio ya huku yamefurika. Watu wengi, sura ngeni, na kila mara magari yanawachukua kwenda kambi za Kigoma. Wapo wauzaji walioona hapo ndipo pa kula. Mtu anauziwa pora, yaani jogoo ambaye hajaanza kuwika, anaambiwa ni jike. Akija kugundua, yeye yuko Kigoma na muuzaji hajulikani alipo. Tabia hiyo ikahamia hata kwa sisi wenyeji. Ikafika mahali ukisema "huyu ni jike" watu wanakuangalia kama umesema unauza mwezi.

Nikasema hapana. Mimi nitajenga jina. Nikampa fundi wa rangi ubao achore kuku mzuri kabisa, na juu yake aandike: MTETEA WA KWELI. Chini yake: JIKE KWELIKWELI. AMECHANJWA. AKIWIKA MRUDISHE, NAKUPA WAWILI.

(Fundi aliandika KWERIKWERI. Nikamwambia, "Kaka, hapo ni L." Akatazama ubao, akanijibu, "Ndiyo hiyo hiyo R." Nikaacha.)

Kuku aliyechorwa pale ni Malkia wangu. Mwili mkubwa, rangi ya udongo mwekundu, na kichwani ana shungi nene la manyoya kama bibi harusi. Mpole, hagombani na mtu. Nikawa naenda naye kila gulio, anakaa juu ya tenga, watu wanamtazama, wanasogea. Wakiniuliza, "Huyu anataga mayai makubwa?" nawajibu, "Huyu anajiandaa." Wenzake wote aliolelewa nao walishaanza kutaga. Yeye akawa anajiandaa.

Pastori alinionya. "Mke wangu, huyu kuku ana miguu ya kiume."

"Acha wivu."

"Inua hilo shungi uangalie kilemba chake."

"Unainuaje nywele za malkia?"

Basi leo nimefika gulio la Kanazi asubuhi, nimetandaza matenga yangu, Malkia kiti cha mbele. Pembeni yangu yuko Zakaria, anauza kuku wa kila aina na mdomo wa kila aina. Bado hatujapata hata mteja mmoja, naona kinamama wanakuja kwa pamoja, na mbele yao mzee mmoja wa kike amejifunga kitenge cha kijani. Nikamtambua. Bibi Veneranda. Alivuka mwaka jana, anakaa kwa binti yake aliyeolewa hapahapa Kanazi. Kule kwao aliacha banda zima la kuku. Alipofika huku alijikusanya akanunua mmoja ili aanze upya, na yule mmoja akamwikia alfajiri. Tangu hapo hanunui kuku, na kinamama wa pale kwao hawanunui mpaka yeye aseme. Nikajua leo ndiyo leo. Bibi huyu akinikubali, jina limesimama. Akinikataa, nirudi kulima maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje," akaniitikia, yaani mwanangu. "Hawa ni majike?"

"Wote, bibi. Kwelikweli."

Akachuchumaa. Akamtoa mmoja, akamgeuza, akampuliza manyoya, akamrudisha. Akamtoa mwingine. Kinamama nyuma yake wanafuata mikono yake kwa macho. Hata Zakaria ameacha kuita wateja, na hilo halijawahi kutokea. Mwisho bibi akainua macho, akaona ubao, akamwona Malkia, akanyoosha kidole.

"Nataka huyu."

"Bibi, huyu si wa kuuza. Huyu ni wa kampuni."

"Kampuni ya nani?"

"Ya mimi na mume wangu."

Kinamama wakacheka kidogo. Bibi hakucheka. "Hao wengine siwajui. Huyu umemchora, umemweka mbele ya watu. Mtu hawezi kudanganya kwa kitu alichokichora. Nipe huyu, nitakuamini."

Ningefanyaje? Nilihisi kama namuoza binti. Nikambusu Malkia shungi (ndiyo, nilimbusu, mbele ya Zakaria), nikamkabidhi. Bibi akalipa, akamkumbatia kifuani. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikapanda juu ya tenga tupu nikapaza sauti ili gulio lote lisikie:

"Mmeona wenyewe! Hapa hakuna jogoo hata mmoja! Atakayesikia kuku wangu anawika aje..."

"Kkhrrrr," akasema Malkia.

Sauti ilikuwa kama mlango wenye kutu. Watu wakageuka.

"Ana mafua kidogo," nikasema haraka.

Mama mmoja akasoma ubao. "Si umeandika amechanjwa?"

Naam. Nikajiona nimesimama kati ya moto na maji. Akiwa mgonjwa, nimeumbuka. Akiwa si mgonjwa, nimeumbuka zaidi. Nikachagua njia ya tatu, ambayo haikuwepo. "Si mafua ya ugonjwa," nikasema. "Majike wengine wanaanza hivyo siku wanapotaka kutaga. Anajiandaa."

Malkia akajiandaa. Akanyoosha shingo kutoka mikononi mwa bibi, akafumba macho, shungi likaanguka nyuma, na kwa mara ya kwanza nikakiona kilemba chake, chekundu kama pilipili iliyoiva. Halafu akafungua kinywa.

"KOKORIKOOOO!"

Safi. Ndefu. Mpaka punda wa muuza maji akageuza kichwa.

Halafu Zakaria, ambaye alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kujizuia maishani mwake, akapiga kelele: "Jamani! Malkia ameota ndevu!"

Gulio likalipuka. Wauza ndizi walicheka. Wauza nguo za mitumba walicheka. Mama mmoja alikaa chini kabisa kwenye vumbi, anapiga mapaja, "Isake! Ni isake!" Maana yake jogoo, kwa Kihangaza chetu na kwa Kirundi chao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani. Na mimi bado niko juu ya tenga, mkono hewani.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Bibi Veneranda alimtazama kuku, akanitazama mimi. Akasema polepole, "Na wewe pia?"

Jamani, kicheko cha watu wote wale hakikuniuma kama maneno hayo matatu.

Nikashuka. Ningeweza kusema sikujua, na ni kweli sikujua. Lakini yule aliyemuuzia bibi pora pengine naye angesema hivyohivyo. Kwa hiyo sikujitetea. Nilifungua tenga kubwa, lenye wale waliokwishaanza kutaga, ambao nilikuwa nimewaleta kwa ajili ya mwenye mgahawa aliyewaagiza. Nikamsogezea.

"Bibi, amewika. Chagua wawili."

Gulio likapoa kidogo. Watu wakasogea kuona kama nasema kweli.

"Wawili?" akauliza bibi.

"Wawili. Na ukitaka fedha yako badala yake, ninayo hapa."

Akamwachia Malkia, akachuchumaa tena. Safari hii alikagua mpaka nikahisi ananikagua mimi. Akachagua mweusi na mwenye madoadoa, akawashika miguu, mmoja kila mkono, akasimama. Halafu mdomo ukaanza kumcheza. Akamwangalia Malkia, ambaye sasa alikuwa juu ya ubao anajiandaa kwa mara nyingine, na bibi akacheka. Alicheka mpaka machozi. Binti yake aliyekuwa nyuma akaniambia, "Sijamsikia akicheka hivi tangu tumpokee mpakani."

Bibi alipopata pumzi akasema, "Yule muuzaji wa kwanza, niliporudi kwake, alisema hajawahi kuniona. Wewe gulio zima linakucheka na hujakimbia."

"Nilitaka kukimbia, bibi. Miguu ilikataa."

Akawageukia kinamama. "Huyu, kuku hawajui vizuri," akasema. (Asante, bibi.) "Lakini neno lake analijua. Nunueni. Wageuzeni kwanza, lakini nunueni."

Wakawageuza mmoja mmoja, na kila shungi likainuliwa. Wengine walinunua, wengine walisema watakuja gulio lijalo, na tenga langu limerudi jepesi. Mwenye mgahawa nimempigia simu nikamweleza ukweli kwa nini sina kuku wake wote. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena akasema atasubiri. Zakaria, msiponiamini shauri yenu, alinifuata wakati nafunga mizigo, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo: "Shemeji, huyo jogoo ni mzuri kweli. Nina majike nyumbani. Utaniazima?" Nikamwambia Malkia haendi kwa watu wasiojua kunyamaza.

Nyumbani Pastori alikuwa mlangoni. Habari ilishamfikia kwa bodaboda. Alipokea matenga, akaniwekea maji ya kunawa, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia anacheka akiwa ameziba mdomo na kitu, nadhani shati. Ndoa ni kustahimiliana.

Basi ndiyo hivyo. Nimejifunza kuinua shungi kabla ya kuinua sauti. Na nyie wa kundi, msinichekee humu mkanijazia simu. Mwenye kucheka aje acheke hapa Bukiriro, na asije mikono mitupu, aje na tenga.